Uliza Fundi: Toyota IST ya kilomita 187,000, nianze na kipi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimenunua IST ya 2004 kwa mtu hapahapa Dar, namba D, odometa inasoma 187,000. Inawaka vizuri na haitoi moshi, ila ikilala asubuhi nakuta tone la oili chini, na nikipita kwenye vumbi inagonga mbele upande wa kushoto. Nimeipeleka gereji fundi kaniandikia orodha: ovaholi ya injini maana imetembea sana, taimingi belti, kuflashi gia boksi yote, na kutoa themostati isije ikachemsha kwenye foleni. Hela yenyewe nimeimalizia kwenye kununua. Nianze na kipi? – Mama Wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera kwa usafiri. Shika kalamu tuikate hiyo orodha.

Taimingi belti kata kabisa. IST yako iwe ya cc 1300 au 1500 injini zote mbili zinatumia cheni, hamna belti ya taimingi humo ndani. Belti unayoiona ubavuni ni fen belti, hiyo ndo inazungusha altaneta na pampu ya maji na kompresa ya AC, ikaguliwe, ikiwa imeanza kuchanika utabadilisha basi. Na fundi anayetaka kukubadilishia kitu ambacho gari haina, mi nisingemwachia funguo.

Ovaholi nayo haifanywi kwa kuangalia odometa. Inafanywa baada ya kupima kompreshen, yaani presha ya ndani ya silinda, zote nne, ndo unajua injini imechoka au haijachoka. Moshi wa bluu ukitoka asubuhi tu ukiwasha halafu ukakata, hizo mara nyingi ni velvu sili (viraba vya kuzuia oili kwenye velvu), ukitoka kila ukikanyaga mafuta ni ringi za pistoni, na wewe unasema moshi huna kabisa sasa mtu anafungua injini kutafuta nini? Fanya hivi: mwaga oili, weka filta mpya, jaza mpaka alama ya juu, andika namba ya odometa kwenye daftari. Kila Jumapili kabla hujawasha chomoa kijiti cha kupimia oili uangalie. Ukifika kilomita 1,000 na oili imeshuka kidogo tu endesha gari yako, ikishuka mpaka alama ya chini niandikie tena. Lile tone linaweza likawa gaskiti ya taped kava (mfuniko wa juu wa injini) tu, raba ya miaka 20 inakauka inakuwa ngumu kama plastiki. Oshwe injini kwanza, utembee siku mbili, ndo utaona linaanzia wapi. Na oili weka 5W-30 au 10W-30, usikubali ile nzito ya 20W-50 eti kwa vile gari ni ya zamani, hii injini ina VVT-i, mtambo wa kurekebisha muda wa velvu kufunguka, na unafanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye vitundu vidogo. Kwa foleni zetu za Kilwa Road badilisha kila kilomita 5,000, maana muda umesimama injini inawaka ila odometa haisogei.

Sasa themostati. Hapa ndo huwa nakasirika jamani. Themostati ni mlango, maji yakiwa baridi unafunga ili injini ipate moto haraka, yakifika joto lake la kazi, nyuzi 80 na kitu, unafungua maji yaende kwenye rejeta. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani ndo kwanza gari imewashwa inazidi kumwaga petroli, na wewe unalalamika IST inakunywa. Halafu ugonjwa wenyewe unabaki palepale, kama rejeta imeziba au feni haiwaki bado itachemsha siku ukiwa na abiria na mzigo. Kwanza cheki kama ipo, maana gari za mkononi nyingi mwenye nayo wa kwanza alishaitoa kitambo. Injini ikiwa imepoa kabisa (nasema kabisa, usije ukaungua) fungua mfuniko wa rejeta, ukikuta maji ya kutu rangi ya chai ujue walikuwa wanajaza ya bomba. Safisha, weka themostati mpya, mfuniko mpya na kolanti (maji maalumu ya rejeta). Ukiona mapovu yanatoka mfululizo injini ikiwaka, au oili imekuwa kama maziwa, hapo gaskiti ya silinda hedi ina shida na hiyo ndo ya kutafutia hela haraka.

Gia boksi usiflashi. Kama inaingiza gia bila kushtua, mwaga tu oili inayotoka yenyewe kwenye nati ya chini, kama lita 3 hivi, nyingine inabaki ndani kwenye toki konvata, jaza mpya kwa kipimo kilekile kilichotoka, rudia baada ya miezi kadhaa. Aina ya oili hiyo ni T-IV. Ikiwa tayari inateleza au imetoka nyeusi inanuka kuungua, oili mpya haitaiponya.

Kugonga mbele anza na stabilaiza linki, ndo rahisi na ndo zinakufa mapema, kabla hujauziwa shokapu mbili. Afu bushi. Brek pedi na oili ya breki ufanye mwezi huuhuu, usisubiri. Na angalia tairi namba nne za mwisho za DOT, ile kodi iliyoandikwa ubavuni, 1416 ni wiki ya 14 mwaka 2016, ya hivyo toa hata kama kashata zipo.

Kwa hiyo wiki hii: oili na filta, kolanti na themostati, breki. Vingine mshahara ujao. Na hiyo 187,000 isikutishe, mtu akichezea odometa huwa anairudisha nyuma.

SWALI: Mzee salama? Niko Nairobi, nina Toyota Fielder ya 2013 imefika 130,000, makanika anasema oili ya gia boksi ni oili tu, anataka kuniwekea ATF (oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida) aliyonayo. Nimkubalie? – Baba Tasha, Kayole

JIBU: Salama. Usikubali. Kama Fielder yako ni otomatiki na si haibridi basi hiyo gia boksi ni CVT, ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili na unategemea oili yake yenyewe ili usiteleze. Ulizia CVTF FE, na kama makanika hana, nunua wewe umpelekee, ukae hapohapo ukiangalia anachomimina.