Usikubali achomwe sindano ya kutuliza kabla hajaangaliwa kinywani

Dada, usikubali kaka yako achomwe hiyo sindano Jumatatu. Umeandika kwamba ana miaka 28, ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa, ana maneno machache tu, na tangu mwezi uliopita anajipiga kichwani, anasukuma sahani na kukesha. Ukauliza kama sindano ya kila mwezi inafaa. Nimesoma maelezo yako mara tatu, kwa sababu ni yale yale niliyompa tabibu kuhusu mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 29 alipoanza kujipiga kofi shavu la kushoto. Nilimpeleka kituo cha afya, nikaulizwa ana tatizo gani, nikajibu kwamba ana ulemavu wa akili, na hapo uchunguzi ukaisha. Hakupimwa joto, hakuguswa tumbo, hakuambiwa afungue kinywa. Tabibu aliandika kwenye daftari kwamba mgonjwa ana fujo, akatuandikia haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, nami nikashukuru na kuondoka. Hadi leo ninamkasirikia mtu yule, maana alikuwa na taaluma na mimi sikuwa nayo, na neno moja nililolitamka lilimtosha kuacha kumtazama binadamu aliyekaa mbele yake.

Kosa langu kubwa lilikuja baada ya hapo. Wiki ya tatu mdogo wangu alishindwa kutulia kabisa. Alitembea kutoka mlangoni hadi uani na kurudi, usiku kucha, akilia. Niliona fujo imezidi, nikarudi, dozi ikaongezwa maradufu. Hakuna aliyeniambia kwamba hali ile ya kutoweza kukaa kitako ni madhara yanayojulikana ya dawa yenyewe, na kwamba kuongeza dozi kwa ajili yake ni kumwagia moto mafuta ya taa. Mikono ilipokakamaa na mate kuanza kumtoka, aliongezewa Artane, dawa ya kulegeza ukakamavu huo. Artane ilimkausha kinywa na kumfungia choo, akakaa hadi siku sita bila kwenda haja, na kila tulipoona amekasirika tulidhani ni akili yake. Katika miezi saba alishuka kutoka kilo 64 hadi 51. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa vidonge vile kwa mkono wangu, asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja.

Aliyetuokoa ni muuguzi mstaafu aliyekuja kumjulia hali mama. Alimtazama mdogo wangu akila ugali, akauliza kwa nini anatafuna upande mmoja tu. Daktari wa meno alikuta gego la chini kushoto limeoza hadi kwenye mzizi, na usaha umejaa chini yake. Alikuwa akijipiga pale pale palipokuwa panauma, kwa miezi saba, akituonyesha kwa namna pekee aliyokuwa nayo. Gego liling'olewa, na baada ya wiki mbili makofi yakakoma.

Usidhani ni sisi tu. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Peter Tyrer na wenzake uliofanywa Uingereza na Australia kwa watu wazima 86 wenye ulemavu wa akili waliokuwa na ukali. Kundi moja lilipewa haloperidoli, jingine risperidoni, dawa nyingine ya magonjwa ya akili, na jingine vidonge visivyo na dawa yoyote. Ukali ulipungua katika makundi yote matatu, na waliopata nafuu kubwa zaidi ni wale wa vidonge vitupu. Mwaka 2015 mamlaka ya afya ya umma ya England ilikadiria kwamba watu wazima kati ya 30,000 na 35,000 wenye ulemavu huo walikuwa wakimeza dawa za magonjwa ya akili au za sonona bila kuwa na ugonjwa unaotibiwa na dawa hizo. Ikiwa huko kwenye madaktari tele hali ni hiyo, usiogope kumuuliza tabibu wako maswali.

Dawa hizi zina watu wake, wale wenye ugonjwa wa akili uliothibitishwa na daktari wa akili. Lakini mtu asiyeweza kusema kinachomuuma, tabia yake ikibadilika ghafla, achunguzwe mwili kwanza: meno, masikio, tumbo na choo, mkojo, ngozi, dawa anazotumia tayari. Sindano ya muda mrefu ni mbaya zaidi kuanzia nayo, kwa kuwa dawa yake hutoka kidogo kidogo mwilini kwa wiki kadhaa, na ikimdhuru huwezi kuirudisha. Kama ana vidonge anavyomeza sasa, hasa vya kifafa, usivikatishe mwenyewe. Sisi tulipunguza haloperidoli kwa miezi mitano chini ya daktari wa hospitali ya rufaa, robo kwa robo.

Kesho asubuhi, akishaamka, mmulike kinywani kwa tochi ya simu, magego ya nyuma pande zote mbili. Andika siku alizopata choo na saa anazojipiga, na Jumatatu umpe tabibu karatasi hiyo kabla hujataja neno ulemavu. Kisha urudi hapa uniambie umeona nini.