Kabla ya kuchagua chuo cha utunzi wa muziki, uliza nani atapiga

Kinubi cha okestra kina pedeli 7 za kukanyagwa kwa miguu, moja kwa kila jina la noti, na kila pedeli huamua kama noti hiyo italia flati (nusu toni chini), ya kawaida au shapu (nusu toni juu). Nilikuwa nalijua hilo. Nililisoma kitabuni, nikalijibia mtihani, nikapata alama nzuri. Halafu nikaandika kipande cha dakika sita chenye mstari wa mbio unaopanda kwa nusu toni, bila kuruka hata noti moja, na kompyuta ikaupiga bila kutokwa na jasho. Siku ya mazoezi mpiga kinubi, mama mmoja mpole aliyenizidi umri sana, aliutazama ule mstari, akaweka mikono mapajani, akaniuliza: "Mwanangu, ulinihesabia miguu mingapi?"

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anauliza kweli.

Naanza na aibu hiyo kwa sababu wanaonifuata wakitaka kusomea utunzi wa muziki wa kisasa huuliza yale yale niliyouliza mimi: chuo kipi kina jina, mwalimu yupi ameshinda tuzo, studio gani ina mitambo mipya. Swali ambalo ningeanza nalo leo ni jingine kabisa: nitakachoandika, nani atakipiga?

Utunzi hufundishwa kwa namna ya ajabu kidogo. Kwa kawaida unakaa na mwalimu wako saa moja hivi kwa wiki, nyinyi wawili tu, mnajadili sauti ambayo bado haipo. Mwalimu anaweza kuwa gwiji, lakini pale mezani anachokupa ni maoni. Jibu utalipata kwenye chumba cha mazoezi, pale noti ya chini ya filimbi uliyodhani itasikika inapomezwa na tarumbeta mbili, na obo uliyoiandikia inong'one chini kabisa inapolia kama bata kwa sababu hapo ndipo obo isipoweza kunong'ona. Vitabu vimeyaandika yote hayo. Ila kuna kujua kwa kusoma na kuna kujua kwa kuona uso wa mtu anayehangaika na kosa lako.

Kwa hiyo kabla ya kutuma maombi, watafute wanafunzi wenyewe, hasa wa mwaka wa pili. Wa kwanza bado wamelewa furaha, wa mwisho wamechoka. Waulize kazi zao ngapi zilipigwa na watu mwaka uliopita. Je, wanaosomea fidla na selo hupangiwa kushirikiana na watunzi, au mtunzi hubaki kuwabembeleza kwenye korido? Kuna siku ambazo okestra husoma rasimu tu, bila onyesho, ili mwenye kazi asikie alichoandika? Wanarekodi? Chuo kisicho na umaarufu chenye wapiga ala ishirini walio tayari kukuvumilia kitakufaa kuliko chenye jumba la kifahari ambalo mwanafunzi wa utunzi huingia kwa kukata tiketi. Na mwalimu mwenye jina kubwa husafiri sana. Wangu alinifundisha muhula mmoja karibu wote kwa barua pepe, na barua pepe haina masikio.

Kuhusu kazi za kuombea nafasi, sitasema mengi. Aghalabu huombwa kazi chache, skoa (karatasi yenye noti za ala zote) pamoja na rekodi. Peleka fupi. Kipande cha dakika nne kwa klarineti na selo, kilichopigwa na binadamu hata kama walikosea mahali, kina uzito kuliko simfoni nzima iliyotolewa na kompyuta. Wanaosoma maombi hufungua ukurasa wa kwanza na mara moja wanajua kama umewahi kukaa karibu na mpiga ala.

Mwaka wa kwanza ulinichanganya. Niliingia nikiwa na kiburi cha mtu aliyezoea kusifiwa, na kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kuandika dakika mbili za muziki kwa noti tatu tu. Niliona ni dharau. Nilizimaliza zile noti ndani ya nusu dakika, nikabaki nimekaa kama mtu aliyeishiwa hadithi mbele ya wageni. Ndipo mwalimu akanionyesha kipande cha kwanza cha Musica ricercata, kazi ya piano ambayo mtunzi Ligeti aliiandika kati ya 1951 na 1953. Kinatumia noti ya A peke yake, A ya chini, A ya juu, nzito, nyepesi, ya haraka, mpaka mwisho kabisa ndipo inaingia D. Moja tu! Na ile D inapofika unaisikia kama mlango uliofunguliwa. Nilirudi kwenye noti zangu tatu nikaona nimejaliwa utajiri.

Ukifika huko utakutana na mambo mengi ambayo mwanzoni hayafanani na muziki. Pierre Schaeffer mwaka 1948 alirekodi garimoshi na kuzikatakata zile sauti kuwa utunzi. Gérard Grisey mwaka 1975 alijenga kipande kizima cha wapiga ala 18 kutokana na noti moja, E ya chini ya tromboni, kwa kuchungulia sauti ndogondogo zilizojificha ndani yake na kuzigawa kwa ala nyingine. Hulazimiki kuvipenda. Mimi baadhi navisikiliza kama dawa chungu hadi leo. Lakini angalia walipoanzia: mmoja kwenye garimoshi, mwingine kwenye tromboni. Hawakuanzia kwenye nadharia, ingawa nadharia ndiyo utakayotungiwa mtihani.

Hapa kuna mtego mmoja niliouingia. Nilipoona wenzangu wanaandika muziki mgumu wenye maelezo marefu ya kifalsafa mwanzoni mwa skoa, nikauficha muziki ulionilea. Astor Piazzolla alifanya vivyo hivyo: mwaka 1954 alikwenda Paris kusoma kwa Nadia Boulanger, mwalimu wa utunzi, akampelekea simfoni na kumficha kwamba alikuwa mpiga tango, muziki wa dansi wa kwao Argentina. Boulanger alipomfanya apige tango yake, alimwambia Piazzolla halisi yumo humo. Watu hukisimulia kisa hiki kana kwamba somo liliishia pale, mwanafunzi akafunga mizigo akarudi kwao. Husahau kwamba alibaki akifanyishwa mazoezi ya kusuka sauti nne, kila moja na njia yake, na kazi zake za baadaye zimejaa usukaji huo. Kwa hiyo leta muziki wako, lakini usiulete kama pambo la kubandika juu. Niliwahi kubandika mdundo wa utotoni kwenye kwarteti ya nyuzi ili ionekane ina asili. Mpiga fidla wa pili akaniuliza kwa nini kila anapoufikia ule mdundo muziki mwingine wote unasimama kumpisha. Sikuwa na jibu.

Sasa jambo lisilo na utukufu wowote: karatasi. Kazi ya mwanafunzi hupewa muda mdogo sana wa mazoezi, na muda huo huliwa na makosa ya karatasi kuliko ya muziki. Klarineti ya B flati hulia toni moja chini ya ilivyoandikwa, kwa hiyo mpigaji lazima aandikiwe toni moja juu. Nilisahau kubonyeza kitufe cha kompyuta kinachofanya hivyo, tukatumia nusu ya muda wangu kutafuta kwa nini kila kitu kinasikika kichungu. Nilipogundua, mwongozaji alikuwa ameshatazama saa mara tatu. Chapisha karatasi ya kila mpigaji mapema, ikae mezani usiku mmoja, kisha uisome kana kwamba wewe ndiye utakayeipiga: ukurasa unageuzwa wapi, na je, mikono yake iko huru pale? Baada ya mapumziko ya vipimo (baa) thelathini, mwandikie kidogo anachosikia kwa mwenzake ili ajue pa kuingilia. Na hifadhi kila kazi kama PDF na kama MusicXML pia, aina ya faili ambayo programu tofauti za noti huweza kuifungua. Watengenezaji wa Finale, programu ya kuandikia noti, walitangaza mwaka 2024 kuacha kuiendeleza, baada ya miaka 35, na waliokuwa na kazi zao zote kwenye mafaili ya programu hiyo peke yake walilala vibaya.

Ustadi huo wa karatasi, kwa bahati, ndio ulionilisha. Utunzi peke yake haulipi wengi. Mtunzi Philip Glass alirudi kuendesha teksi New York hata baada ya opera yake kuonyeshwa kwenye jumba la Metropolitan Opera mwaka 1976. Mimi nilipanga nyimbo za kwaya, nikafundisha piano watoto, nikawaandalia watunzi wengine karatasi za wapigaji, na hakuna darasa lililonifunza ala kama kuandaa karatasi za kazi ya mtu mwingine mstari kwa mstari. Ukipewa kazi hiyo usiione ndogo.

Mwaka wa tatu nilimwendea yule mama wa kinubi na rasimu kabla sijaimaliza, jambo ambalo mwaka wa kwanza ningeliona kama kuomba msaada wa mtihani. Alikaa kwenye kinubi, akapiga polepole, miguu yake ikihama kwenye pedeli, mara akisimama kuchora duara dogo kwa penseli. Mahali pamoja alifuta noti zangu nne akaandika nyingine juu yake, akapiga zile za kwanza, kisha zake, akaniangalia. Zake zilikuwa nzuri zaidi. Nikaziacha.