Khanga sita kuukuu

Swali lenu la wiki hii, wahariri, lilikuwa hili: ulipokwenda kujifungua, kitu gani ndani ya begi kilikufaa kuliko vyote, na kipi ulikibeba bure? Mimi nimezaa mara tatu, zote hapa Mafinga, na jibu langu ni lile lile tangu mtoto wa kwanza. Khanga. Sita kwa uchache, kuukuu, zilizofuliwa mpaka zikalainika. Nilivyobeba bure ni vingi na nitavitaja, ila naomba nianze na khanga, kwa sababu bila hizo huenda barua hii isingeandikwa.

Ilikuwa Julai 2015. Anayeijua Mafinga anaijua na Julai yake: sakitu juu ya majani asubuhi, na kila nyumba jiko la mkaa linaanza kufuka kabla hakujapambazuka. Nilikuwa nimenunua begi la magurudumu kwa ajili ya safari hiyo tu. Karibu lote lilijaa vitu vya mtoto: seti tatu za nguo, viatu vya kufuma, chupa ya kunyonyeshea, poda, mafuta, shali jeupe la kumtokea nalo hospitali. Vyangu mimi vilikuwa gauni moja, pakiti moja ya pedi, na doti mbili za khanga mpya ambazo hata karatasi ya dukani sikuwa nimeibandua. Niliona ndiyo heshima, kwenda mbele za manesi na vitu vipya.

Shangazi yangu, dada yake baba, alifika kutoka kijijini siku mbili kabla ya uchungu, na lile begi la plastiki la mirabamiraba tunaloliita shangazi kaja. Alilifungua mbele yangu. Khanga zake za miaka mingi, zimepauka, moja imeandikwa "Nani kama mama" na maandishi yamefifia hata unayasoma kwa kuwa unayajua tayari. Niliona haya. Nikamuuliza, "Shangazi, hizi si zibaki tu hapa nyumbani?" Akasema, "Mwanangu, khanga mpya hainywi maji."

Tangu siku hiyo nimelijaribu neno lake, na ni kweli tupu. Khanga inayotoka dukani imetiwa wanga. Ukiimwagia maji yanateleza juu yake. Mpaka uifue mara tatu au nne ndipo inaanza kunywa. Mama anayetokwa na damu huku amelalia khanga mpya, damu inapita pembeni, inaingia kwenye godoro au chini ya mpira wa kitandani, na hakuna anayejua ni kiasi gani.

Nilijifungua saa kumi alfajiri, mtoto wa kike, salama. Kondo la nyuma likatoka, nikasafishwa, nikahamishiwa wodi ya wazazi. Nikalala. Sikusikia maumivu wala hofu, nilisikia baridi na usingizi tu. Kulipokucha shangazi akaruhusiwa kuniletea uji. Alipofunua blanketi akakuta khanga imelowa. Akaitoa, akanitandikia nyingine. Uji wenyewe haukuwa umepoa, na hiyo nayo ikalowa. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mimi, na kidato changu cha nne, nisingelifanya. Hakuzisuuza zile khanga. Alizikunja zote mbili na damu yake ndani ya beseni, akaenda nazo mezani kwa muuguzi, akasema, "Kamwene, nesi. Hizi ni za mwanangu wa kitanda cha dirishani. Ya kwanza hii, ya pili hii, na ya tatu nimeiacha inalowa."

Muuguzi hakuuliza swali. Alikuja, akanibonyeza tumbo, akasema kizazi kimelegea. Akaanza kukanda. Akaja mwenzake na mpira wa mkojo, kwa kuwa kibofu kikijaa kinakizuia kizazi kujikaza. Nikawekewa dripu, nikachomwa sindano. Wadogo zangu wawili wakapigiwa simu waje wakae tayari kutoa damu. Haikufikia huko; baada ya muda damu ikapungua, ikawa ile ya kawaida ya mzazi. Lakini nakumbuka uso wa yule muuguzi alipokuwa ananikanda. Hakuniangalia mimi, aliangalia beseni.

Nilipokwenda kliniki na mimba ya pili nilimsimulia muuguzi mwingine habari hii. Akaniambia kwamba kule Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakunga wa jadi walifundishwa kutumia khanga kuwa kipimo hasa. Khanga mbili zikilowa chepechepe, hesabu ni kwamba mama amepoteza kama nusu lita ya damu, na hapo mkunga hasubiri tena: anampa vidonge vya misoprostoli vya kukaza kizazi, na damu isipokoma anampeleka hospitali. Nusu lita ndiyo mpaka ambao hata vitabu vya madaktari huutaja. Sijui kama shangazi aliwahi kukisikia kipimo hicho. Yeye alisema alifundishwa na mama yake.

Kwa hiyo ninaposema khanga sita, nina hesabu yake. Tatu ni za mama, za kulalia na kubadilisha. Hizi ziwe za rangi nyepesi, njano au nyeupe au bluu ya mbingu. Kisutu ni khanga ya heshima, lakini wekundu na weusi wake unaficha damu. Kiache nyumbani, kivae siku ya arobaini. Mbili ni za mtoto. Akitoka tu anafutwa na ya kwanza, kichwa, mgongo, kwapa, kila mahali, na hiyo ikishalowa inatupwa pembeni, asifunikwe nayo tena. Anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na ya pili iliyo kavu inawafunika wote wawili. Kofia kichwani, soksi miguuni. Kwa sisi wa nyanda za juu huku Iringa na Njombe hili si la mapambo, mtoto mchanga anapoteza joto haraka kuliko unavyodhani. Ndiyo maana siku hizi tunaambiwa asiogeshwe mpaka saa 24 zipite. Mama mkwe wangu lilimshinda hilo kwa mtoto wa pili, alitaka maji ya moto yachemshwe mara tufikapo nyumbani. Nilimwomba kwa magoti asubiri. Alisubiri.

Khanga ya sita ni ya kujifunga ukienda chooni na kupokea wageni.

Sasa begi lenyewe. Usibebe moja, beba mawili. Dogo ndilo linaloingia leba, na ndani yake kuna vile wanavyovihitaji mikononi mwao: mpira wa kutandika kitandani, glovu, rola la pamba, wembe mpya, kibana kitovu, pedi kubwa, khanga tatu (mbili za mtoto na moja yako), kofia na soksi. Khanga za mtoto ziwe juu kabisa. Mtoto wa pili wa jirani yangu alikaa uchi huku wifi yake akipekua begi kutafuta kitambaa, kwa kuwa kilikuwa chini ya nguo za kutokea. Begi kubwa linabaki kwa anayekusindikiza: nguo zako, kandambili, sabuni, mswaki, beseni, nepi, chupa ya chai, kikombe, chaja.

Najua kuna atakayesema huduma za uzazi katika vituo vya serikali ni bure kwa sera ya nchi, kwa nini mama anunue glovu. Ni kweli sera inasema hivyo, na mimi naumia kila nikiona mwanamke wa kijijini anauza kuku wake wa mwisho apate mpira na pamba. Vituo vyenye vifaa vipo, vingine havina siku hiyo unayofika. Usiku wa uchungu si wakati wa kudai haki dirishani. Muulize muuguzi wa kliniki mimba ikiwa ya miezi saba, "Hapa kwenu mama anakuja na nini?" Kila kituo kina orodha yake. Kisha unanunua kidogo kidogo, leo glovu, wiki ijayo pamba, na kufikia wiki ya 36 begi limefungwa liko mlangoni.

Katika begi dogo, mfuko wa mbele, iwemo kadi ya kliniki. Usiiache kwenye kabati la vyombo kwa kuogopa isichafuke. Humo mna kundi lako la damu, wingi wa damu, presha yako ya kila mwezi, vipimo vyako vyote. Asiyekujua anakujua kwa kadi hiyo. Pembeni yake weka karatasi yenye majina mawili na namba za simu za watu waliokubali, kwa kinywa chao na mapema, kwamba wakiitwa watakuja kutoa damu. Wadogo zangu walikuja kwa sababu ni wadogo zangu na walikuwa mjini. Wangekuwa machimboni Chunya je?

Na kwa anayeishi mbali na barabara, andika kwa kalamu ya wino ndani ya mfuniko wa begi: 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuanzia 2022 ukapelekwa nchi nzima. Mama akipata dharura ya uzazi, au mchanga wake, simu inapigwa hapo, na kama gari la wagonjwa haliko karibu anatafutwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa, ambaye analipwa na mfumo na si na mgonjwa. Mimi mwaka 2015 sikuwa nayo. Msiokuwa na simu yenye chaji, mwachieni jirani mwenye simu namba hiyo.

Nilivyobeba bure mara ya kwanza, nilivyoahidi. Viatu vya mtoto. Poda. Seti mbili kati ya tatu, tena zilikuwa za miezi mitatu, mtoto alipotelea ndani. Chupa ya kunyonyeshea si bure tu, nasema isiingie begini kabisa. Siku ya kwanza mtoto anahitaji dang'a, yale maziwa mazito ya njano, na aanze ndani ya saa ya kwanza. Ni kidogo kwa macho yetu lakini tumbo lake nalo ni dogo. Chupa ikiwa karibu, mtoto akilia mara mbili kila mtu wodini anakushauri uitumie. Isipokuwepo, wanakusaidia kumweka vizuri kwenye titi.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakisemi kwa sauti. Mimba ya pili, mama mmoja wa mtaani, mtu mwema anayenipenda, aliniletea chupa ya soda yenye maji ya mizizi. "Uchungu ukichelewa, kunywa funda mbili." Alitaka niifiche kati ya nguo. Nilimshukuru, nikaipokea, na shangazi akaimwaga nyuma ya nyumba. Dawa hizo zinaweza kukikaza kizazi kwa nguvu isiyopimika, mtoto akakosa hewa, au kizazi chenyewe kikapasuka, na muuguzi akihangaika hajui ulikunywa nini. Dada zangu, ikiwa tayari umekunywa, mwambie mkunga. Atakufokea pengine. Mwambie hivyo hivyo.

Chakula: chupa ya uji wa ulezi, mwepesi, na maji ya kunywa. Mengine yataletwa saa za kuona wagonjwa.

Lakini begi, hata likipangwa vizuri vipi, ni la yule atakayelifungua. Wewe utakuwa umelala. Mume wangu mara ya kwanza alikaa nje usiku kucha kwenye benchi, akiwa na begi mapajani, na alipoambiwa na nesi "lete pamba" alileta begi zima akalisukuma mlangoni. Hakuwa na kosa, sikumwonyesha. Kwa mimba ya pili na ya tatu nililifungua mbele yake na mbele ya shangazi, kitu kimoja kimoja, na nikamwomba shangazi amfundishe kile alichonifanyia: kila khanga inayotoka iwekwe kwenye beseni, isifuliwe mpaka muuguzi aione, na ikifika ya pili asisubiri ya tatu. Asione aibu ya damu. Mume wangu ni fundi magari, mikono yake imezoea oili. Alisema kuhesabu anaweza.

Wifi yangu aliye Makambako anatarajia mwezi ujao, mimba yake ya kwanza. Juzi alinitumia picha ya begi lake: shali, viatu, doti mbili mpya, karatasi bado iko juu. Nimemwambia azibandue na kuzifua leo leo. Za kwangu tatu ninampelekea Jumamosi, pamoja na ile ya "Nani kama mama", ambayo shangazi aliniachia. Nimezifua jana. Bado hazijakauka, maana jua la huku msimu huu ni la kubahatisha, nimezianika juu ya jiko.

Mama wa watoto watatu, Mafinga