Ndiyo, tunaosha wazee

Swali limerudi tena, na safari hii limekuja na vicheko: "Hivi ni kweli hao wanaosema wako Uingereza kazi yao ni kuosha vikongwe na kuwabadilisha pampasi?" Watu wakacheka, wakachomeka na lile jina la zamani la wabeba boksi, kisha wakarudi kwenye mpira. Wadogo zangu, nawajibu bila kuzunguka. Ndiyo, tunaosha wazee. Na lawama nyingine ni yetu, maana wengi tumelificha jambo hili miaka yote, tukiulizwa tunasema "nipo sekta ya afya" na kugeuza mazungumzo. Mtu akijua atachekwa, atadanganya. Akidanganya, mdogo wake anayejiandaa kuja hana wa kumuuliza, na hapo ndipo wakala anapoingia.

Kwanza kazi yenyewe, kwa sababu anayecheka hajawahi kuiona.

Unaingia chumbani kwa mzee aliyepooza upande mmoja. Unabisha hodi hata kama masikio yamechoka, unataja jina lako, unamweleza unachotaka kufanya, unasubiri akubali. Unafunga mlango na pazia. Maji ya kuoga unayapima kwa kipimajoto, yasizidi nyuzi 44, kwa kuwa ngozi ya mzee ni nyembamba na inaungua kabla mwenyewe hajahisi. Unaanza na uso, bila sabuni karibu na macho, unashuka mikono, kifua, miguu. Sehemu unayoosha peke yake ndiyo iko wazi, kwingine kote taulo. Ukifika sehemu za siri unabadilisha maji na kitambaa, unafuta kutoka mbele kwenda nyuma. Ukifanya kinyume, hasa kwa mwanamke, unasogeza vijidudu kwenye njia ya mkojo, na UTI kwa mtu wa miaka 85 inaweza kuanza kwa kuchanganyikiwa tu, bila homa, watu wakadhani ni uzee. Unakausha kwa kugusagusa bila kusugua, chini ya matiti na kwenye mikunjo ya mapaja, maana unyevu ukibaki pale ngozi inachubuka.

Kisha mnamgeuza kwa shuka la kutelezesha, watu wawili, usijaribu peke yako, mgongo wako utaisha kabla ya viza. Unakagua makalio, nyonga, visigino, viwiko. Ukiona wekundu, bonyeza kwa kidole. Ukipauka halafu rangi ikarudi, damu bado inapita. Usipopauka, kidonda cha kulalia kimeanza, unaandika na unamwita muuguzi saa hiyo hiyo. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu hauonekani vizuri. Hapo tafuta joto, ugumu, au mahali palipokolea rangi kuliko pembeni yake.

Ukiweza kuyafanya hayo yote kwa nusu saa na mzee asijione amevuliwa utu, una ufundi mkononi. Aibu iliyomo chumbani ni ya huyo mzee, aliyekuwa baba wa watu na leo anavuliwa nguo na mgeni. Umekuja kumpunguzia.

Sisi wenyewe tunasema mwosha huoshwa, na anayeosha maiti mtaani anaheshimiwa, anapishwa njia. Lakini bibi akiwa hai, amelala chumba cha uani Temeke au Likoni, anayemgeuza ni nani? Ni mkwe, au ni dada wa kazi, yule anayeitwa kwa kupigiwa kelele na kula mwisho. Dharau hii tunayoiogopa huku ng'ambo tumejifunza kwenye nyumba zetu, tulipomwacha mtoto aone kwamba anayesafisha uchafu wa mwenzake ni mtu wa chini.

Sasa hela. Tangu Aprili 2025 mshahara wa chini wa mhudumu mwenye viza ya udhamini, yaani anayedhaminiwa na mwajiri wake, ni pauni 25,000 kwa mwaka. Nyumbani mtu anachukua namba hiyo, anazidisha kwa bei ya duka la kubadilishia fedha, anaona viwanja. Ishushe taratibu. Kwa mwezi ni 2,083. Pauni 12,570 za mwanzo wa mwaka hazikatwi. Juu ya hapo kuna kodi asilimia 20 na bima ya taifa asilimia 8, kisha pensheni. Mkononi inafika kama 1,730. Chumba kwenye nyumba ya kuchangia choo na jiko, nje ya London, ni 500 hadi 700. Anayezungukia wazee majumbani mwao anahitaji gari, na leseni ya Tanzania au Kenya inakubalika miezi 12 tu, baada ya hapo ni mtihani upya, wa nadharia na wa barabarani. Bima ya dereva mpya inaweza kupita 1,000 kwa mwaka. Weka mafuta, chakula, simu, akiba ya kuongeza viza. Anayebaki na 400 kwa mwezi amejibana kweli.

Na hapo ni kama saa zote zimelipwa. Rosta ya majumbani inaweza kuanza saa moja asubuhi na kuisha saa nne usiku, lakini mwajiri mbaya analipa zile dakika ulizokaa kwa mzee tu: 30 hapa, 15 pale, katikati umeendesha bure. Sheria inataka muda wa safari kati ya mteja na mteja uhesabiwe kwenye kima cha chini. Kwa hiyo kuwa na daftari: saa ya kuingia, saa ya kutoka, maili. Likague na hati ya mshahara kila mwezi. Acas, shirika la Uingereza la masuala ya kazi, wanatoa ushauri bure kwa simu. Wengi hawapigi, kwa kuwa kulalamika ni kukiri kwamba mambo si mazuri, na picha ya koti na theluji imeshakwenda nyumbani.

Picha hiyo inalipiwa kwenye makundi ya harusi. Mweka hazina anatuma orodha kila jioni: jina, ahadi, alicholipa, baki. Jina la aliye nje linakaa juu, na mara nyingine ahadi imeandikwa kabla hajaulizwa. Shilingi laki tano. Ukinyamaza siku tatu, ukimya wako unasomwa na watu 150. Hakuna anayekutukana, mtu anaandika tu "tunawasubiri wa ughaibuni". Ili laki tano ipatikane kuna mtu anaongeza shifti mbili za usiku juu ya tano alizokwisha kufanya, na mhudumu aliyechoka ndiye anayekosea dawa ya mgonjwa. Naomba mlielewe hili mnaoandika orodha.

Na wewe uliye huku: Januari amua namba moja ya mwaka mzima kwa sherehe zote, igawe, ikiisha imeisha. Jibu ndani ya kundi mbele ya wote, "Nitatoa elfu hamsini, hongereni sana," basi. Usieleze, maelezo yanafungua mjadala. Ada ilipe moja kwa moja shuleni. Hospitali ilipe kwa Lipa Namba yao, si kwa simu ya binamu. Lakini akipiga shangazi aliyeuza khanga zake ukapata nauli ya sekondari, usimsomee bajeti. Tuma, hata kama namba ya mwaka imeisha.

Wanaouliza njia ya kuja, sikilizeni vizuri. Tarehe 22 Julai 2025 Uingereza ilifunga kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje ya nchi. Walio ndani kwa viza hiyo wanaweza kuongeza muda au kubadili mwajiri hadi 22 Julai 2028. Anayekuuzia leo "kazi ya kuhudumia wazee Uingereza", awe Kariakoo au Nairobi, anakuuzia hewa. Hata mlango ulipokuwa wazi, tangu Februari 2022, kuna walioweka rehani shamba la ukoo kununua cheti cha udhamini, kile anachotoa mwajiri ili uombe viza, wakafika wakakuta kampuni haina hata mteja mmoja. Kwa vyeti vilivyotolewa kuanzia 31 Desemba 2024 mwajiri haruhusiwi kabisa kumtwika mfanyakazi gharama ya cheti hicho. Ukiambiwa ulipie, umeshajua.

Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ya Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri kudhamini wafanyakazi kwenye sekta hii, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walihusika. Leseni ikifutwa unapata barua, na kwa kawaida una siku 60 upate mdhamini mwingine au uondoke. Siku hizo zinaliwa na aibu. Mtu anakaa wiki tatu hajamwambia yeyote, anaendelea kutuma hela ya mkopo ili nyumbani wasistuke. Fanya kinyume: siku ya kwanza waambie wenzako wote, maana nafasi nyingi hupatikana kwa mdomo wa mtu, kusanya hati za mshahara, vyeti vya mafunzo, barua ya mwajiri, omba kazi hata mji usioujua. Zikipita siku 60 ukajificha, unafanya kazi kwa nusu ya malipo kwa mtu anayejua huwezi kumshtaki.

Wengine wanabaki hivyo miaka, kisa kuogopa kurudi na begi moja. Mnaopokea watu uwanja wa ndege, mwacheni aoge, ale, alale. Msiulize "umerudi likizo au ndiyo moja kwa moja?" mbele ya majirani. Na yule dada aliyekuja peke yake, mnayesema kakimbia ndoa: tangu 11 Machi 2024 mhudumu aliyeomba viza hiyo hakuruhusiwa kuja na mume, mke wala watoto. Hakumwacha mtu kwa kupenda.

Jamani, waambieni watu wenu kazi mnayofanya. Itajeni kwa jina. Ila si yote. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kukutemea mate au kukataa mikono yako kwa sababu ya rangi yako. Unarudi hatua mbili nyuma, anaingia mwenzako, unaandika maneno ya mzee kama alivyoyasema, unampa meneja. Hilo la mate usimwambie mama, hatalala.

Mwambie hili lingine. Ana mama yake amelala chumba cha uani, na akisikia unajua kugeuza mgonjwa atakuuliza mwenyewe ni baada ya muda gani. Mwambie kila saa mbili hadi nne, usiku pia. Amlaze kiubavu kidogo, mto nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti, na mmoja chini ya ndama za miguu ili visigino vining'inie visiguse godoro. Shuka livutwe, lisiwe na mikunjo. Na kila anapomgeuza, aangalie visigino kwanza.