Siumwi, kwa daktari nikafuate nini?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema huumwi popote, kila mwezi unajipapasa matiti mwenyewe, sasa kwa daktari ukafuate nini?

Huko kutoumwa ndiko kulikonidanganya mimi. Nilikuwa na umri kama wako nilipokuta kinundu titi la kushoto, kikiteleza chini ya kidole kama gololi. Hakikuuma, nikakaa nacho miezi mitano, hata baba yako sikumwambia. Nilipojikaza kwenda, daktari aliniweka mkono kisogoni, akanibonyeza kwa vidole vitatu, duara ndogondogo, akapanda hadi karibu na mtulinga, akaingia kwapani. Kwapani! Mimi sikuwahi kufika huko. Wakapiga ultrasaundi, wakatoa kinyama kwa sindano. Haikuwa saratani, na vinundu vingi huwa si saratani. Ila ile miezi mitano ya kukesha nilijitesa bure, na kama ingekuwa yenyewe, ningekuwa nimeipa nafasi ya kukua.

Kwenda mara moja, hata hivyo, hakutoshi. Mwaka juzi kwenye mamografia yangu, ile picha ya eksirei ya matiti, kulionekana kidoa cheupe. Moyo ulinipasuka. Daktari akatoa picha ya zamani, akaiweka kando ya mpya: kidoa kilikuwepo vilevile, hakijaongezeka. Nikavaa nikarudi nyumbani. Bila picha ile ya zamani, huenda ningechomwa sindano tena.

Wewe mamografia bado. Marekani, kwa mfano, tangu 2024 wataalamu wanashauri ifanywe kila baada ya miaka miwili, kuanzia miaka 40 hadi 74. Nchi nyingine huanza 50. Lakini wewe una la kumwambia daktari mapema: shangazi yako aliugua saratani ya titi akiwa na miaka 43. Watu hudhani ukoo wa baba hauhesabiwi. Unahesabiwa, jeni zenye hitilafu za BRCA, zile zinazoongeza hatari ya saratani ya titi, mtu huzirithi kwa baba kama anavyozirithi kwa mama. Umri huo wa shangazi utaje, huenda daktari akataka uanze kupimwa mapema kuliko wenzako.

Kujipapasa usiache. Ngozi ikibonyea, chuchu ikizama ndani au ikitoa damu, usingoje siku ya miadi.

Panga kwenda siku chache baada ya hedhi, matiti yakiwa hayajajaa. Na uvae blauzi na sketi. Mimi nilivaa gauni, nikavuliwa lote.

Mama yako