Gift: zawadi, sumu au ndoa?

SWALI: Kwa Kiingereza "gift" ni zawadi. Mbona chupa ya dawa ya panya kutoka Ujerumani imeandikwa Gift? Ni neno moja au yamegongana tu?

JIBU: Ni neno moja. Mzizi wake ni kitenzi cha kale cha Kijerumaniki (ukoo wa lugha wenye Kiingereza, Kijerumani na jamaa zake) chenye maana ya "kutoa". Gift ni kile kinachotolewa. Sumu iliingia kwa mlango wa tabibu: Kigiriki "dosis" nacho ni "utoaji", yaani kipimo cha dawa (ndiyo dozi yetu hii hii). Wajerumani wakaigeza maana hiyo, na kwa kuwa watu hukwepa kuitaja sumu kwa jina lake, tafsida ikageuka jina lenyewe. Maana ya zamani imejificha ndani ya "Mitgift", mali anayopewa bibi harusi na kwao.

Waskandinavia ndio wenye vituko. Kwa Kiswidi, "gift" ni sumu na pia ni mtu aliye kwenye ndoa, kwa matamshi yale yale: "yift". Tazama sarufi: "hon är gift" ni "ameolewa", "giftig" ni "yenye sumu". Kidenmaki na Kinorwe navyo vina maana zote mbili.

Waholanzi wametenganisha: "gift" ni mchango, "gif" ni sumu. Herufi moja tu, kwa hiyo soma lebo hadi mwisho. Ukitaka zawadi Ujerumani, sema "Geschenk". Uswidi, "gåva" au "present".