Urusi mgeni hajisajili mwenyewe
Kama unajiuliza ukifika Urusi unaenda mwenyewe uhamiaji kusajili unapokaa, hapana, huendi mwenyewe, anayekusajili ni mwenyeji wako, yaani mwenye nyumba au hosteli ya chuo, na anazo siku 7 za kazi tangu ufike. Nimesoma huko, kile kipande cha chini cha fomu ya usajili wanakigonga muhuri wanakikata wanakupa, kiweke ndani ya pasi maana polisi akikusimamisha mtaani anakitaka. Kwa mwenye nyumba anayevuta miguu kwenda uhamiaji, enzi zangu hata posta walikuwa wanapokea hiyo fomu, wengi hawakujua. Ila ukisafiri ukalala hoteli mji mwingine, hoteli nayo inakusajili kwake, so ukirudi tu waambie hosteli wakusajili upya, mi nilizubaa nikazungushwa dirisha hili dirisha lile wiki nzima kisa kulala hotelini siku 2.